Cheki zatemwa na mashine ya benki: nipimeje wino wa sumaku kabla ya kuzipeleka?

Karani_Barani (Malindi)

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Ofisini kwetu hapa Malindi twachapa cheki wenyewe kwa printa ya leza, kwa kibali cha benki. Karatasi zaletwa zikiwa na alama zote za usalama, ila ukanda wa chini ni mtupu. Sisi ndio twaongeza mstari wa MICR, yaani zile alama za chini ambazo mashine ya benki huzisoma kwa sumaku, kwa tona ya sumaku. Ukurasa mmoja wa A4 una cheki tatu zilizopangwa juu kwa chini. Wiki tatu sasa mashine ya benki inazitema baadhi, na mtu wa kaunta hulazimika kuingiza nambari kwa mkono. Kwa macho hazina kasoro: nyeusi, safi, zimenyooka.

Tumeazima kipima cha MICR. Nimepitisha kurasa 10, yaani cheki 30. Alama nyingi zasoma kati ya 95% na 120%. Lakini kuanzia alama ya nane hadi ya kumi na moja, kuhesabu kutoka kulia, zashuka mpaka 58%, na nyingine 44%. Kwa cheki nne hivi kipima kimeandika pia kwamba kuna pengo ndani ya alama, mahali tofauti tofauti.

Naomba kujua:
1. Kiwango kinachokubalika ni kipi hasa?
2. Kosa ni la tona, karatasi au printa? Kasha la tona ni la kujazwa upya, limewekwa mwezi uliopita.
3. Tuko kwenye masika na chumba hakina kiyoyozi. Unyevu waweza kuleta haya?

---

MezaYaMkomani (Lamu)

Wa alaykum salaam, ndugu Karani. Umeuliza vizuri kwa sababu umekuja na tarakimu. Kabla hujaigusa printa, hakikisha kipima chenyewe chasema kweli, maana kifaa cha kuazima hujui kimetoka wapi.

Futa kichwa cha kusomea kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa kidogo spiriti ya isopropili. Kichwa hukusanya unga wa oksidi ya chuma na ishara, yaani nguvu ya usumaku inayosomwa, hushuka bila mtu kujua. Kisha pitisha karatasi ya kusawazishia iliyokuja na kipima, mara tano. Wastani wa mara tano ulingane na thamani iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo. Usipolingana, sawazisha kipima kwanza. Vipimo vyako vyote vya nyuma vitakuwa vimepotoka kwa kiasi hicho hicho. Karatasi hiyo nayo huchakaa kila inapopita, kwa hivyo andika nyuma ya bahasha yake imepita mara ngapi, iweke ikiwa imelala bapa, mbali na spika na sumaku za milango ya kabati.

Halafu chukua cheki moja tu, ipitishe mara tano. Masomo yakirukaruka kwa zaidi ya asilimia chache, tatizo ni jinsi karatasi inavyopita kwenye kichwa, si wino.

Sasa swali lako la kwanza. Herufi zetu Kenya ni E-13B, kama za Marekani na Uingereza. Ufaransa wao hutumia CMC-7, yenye vijistari vya wima, na vipimo vyake ni vingine, usivichanganye. Kwa E-13B, 100% ni ishara ya kawaida, na kiwango cha Marekani charuhusu kutoka 50% hadi 200%. Kwa hivyo 44% imeanguka. Hiyo 58% imepita, lakini mimi nisingeitoa mlangoni. Cheki yaweza kupita kwenye mashine zaidi ya mara moja na kila kichwa huikwangua kidogo. Iliyotoka na 58% yaweza kufika mwisho wa safari ikiwa chini ya 50%. Lenga 90% hadi 130%, na tofauti ndogo kati ya alama na jirani yake.

Kwa nini macho hayakuonyeshi kitu? Kwa sababu mashine haitazami weusi. Kwanza alama hupita mbele ya sumaku, chembe za chuma ndani ya wino zikapata usumaku. Ndipo hupita kwenye kichwa cha kusomea, ikianzia ukingo wake wa kulia, na kichwa huhisi usumaku unavyoongezeka na kupungua kila kwenye ukingo wa wima. Umbo la wimbi hilo ndilo jina la tarakimu. Tona mbili zaweza kuwa na weusi uleule, moja ikawa na usumaku nusu ya nyenzake. Ndiyo maana pia cheki iliyotolewa fotokopi husomeka kwa kamera lakini kichwa cha sumaku huiona tupu au dhaifu mno, na benki huishuku papo hapo.

Baada ya ishara, angalia mambo haya kwa lenzi ya kukuza mara 10 au 12 yenye kipimo ndani yake, na kwa plastiki angavu ya kupimia mpangilio:

Ukanda mtupu wa chini ni inchi 0.625, karibu mm 16, upana wote wa cheki. Ndani yake alama zakaa kwenye ukanda mwembamba wa inchi 0.25, unaoanza inchi 3/16 kutoka ukingo wa chini na kuishia inchi 7/16. Ukingo wa kulia wa alama ya kwanza uwe inchi 5/16 kutoka ukingo wa kulia wa cheki, ukizidi au kupungua isizidi 1/16. Kutoka ukingo wa kulia wa alama moja hadi ukingo wa kulia wa inayofuata ni inchi 0.125, yaani mm 3.175, na ruhusa ni inchi 0.010 huku na huku. Alama isiiname zaidi ya digrii 1.5.

Pengo jeupe ndani ya alama lisizidi inchi 0.008 kwa 0.008, kama mm 0.2 kila upande. Pale ambapo mstari wa alama ni mnene mara mbili au zaidi, pengo la 0.010 kwa 0.010 hukubaliwa. Vidoa vya wino nje ya alama ni hatari kuliko watu wanavyodhani: kidoa cha inchi 0.003 chavumilika, cha 0.004 ni kimoja tu kwa nafasi ya alama moja na si zaidi ya vitano kwa sehemu nzima ya mstari. Geuza cheki utazame nyuma pia. Wino uliohamia kutoka ukurasa wa chini yake nao husomwa.

Ukiwa na lenzi, weka macho kwenye kingo za wima. Kasoro ya juu au chini ya alama mara nyingi mashine huisamehe, lakini kipande kilichomegeka ukingo wa kulia hubadilisha wimbi zima.

---

Printi_Watamu

Dawa ya haraka: ingia kwenye menyu ya printa, pandisha ukolezo wa tona mpaka mwisho, 5 kati ya 5. Ile 44% itapanda juu ya 50% na kazi iendelee.

---

FundiTona_Maweni (Malindi)

Ndugu wa Watamu, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Ukipandisha ukolezo wapandisha alama zote, si zile nne peke yake. Iliyokuwa 120% nayo itapanda mno, na kabla hujafika 200% mstari wa alama utakuwa umenenepa. Mstari wa E-13B ni inchi 0.013 (ile 13 kwenye jina ndiyo hiyo). Kwa printa ya nukta 600 kwa inchi, hiyo ni kama nukta 7.8. Nukta moja ikiongezeka kila upande, ukingo umehama na wimbi limepotoka, hata kama nguvu ya ishara ni nzuri. Tona iliyorundikana pia haiivi vizuri kwenye fyuza, ile sehemu ya printa inayogandisha tona kwa joto. Hubanduka ikachafua kichwa cha mashine, na cheki za watu wengine zinazofuata hupata vidoa. Acha ukolezo katikati, 3 kati ya 5, na hakikisha hali ya kuokoa tona imezimwa.

Karani, tarakimu zako zasema mengi. Tona mbaya ingeshusha mstari mzima. Tona ya kawaida ya baadhi ya printa ina chembe za chuma pia, kwa hivyo kipima hakisomi sifuri. Lakini chembe zake hazihifadhi usumaku baada ya kuondoka kwenye sumaku. Tona ya MICR ina oksidi ya chuma iliyochaguliwa kwa ajili ya kuushika usumaku huo. Aliyekujazia kasha angechanganya tona ya kawaida, ungeona 30% au 40% kutoka mwanzo hadi mwisho, pengine na mabaka. Wewe una 95% hadi 120% kila mahali ila sehemu moja. Kwa hivyo tona yenyewe naiweka kando kwa sasa.

Unyevu nao hauchagui alama ya nane hadi ya kumi na moja. Hutawanya mapengo ovyo. Yale mapengo ya cheki nne huenda ndiyo yake, tutayarudia.

Tupige hesabu. Alama ya kwanza iko karibu mm 8 kutoka ukingo wa kulia. Ya nane yaanza baada ya nafasi saba: 8 + 7 × 3.175, sawa na mm 30. Ya kumi na moja huishia karibu mm 42. Basi una ukanda dhaifu wa upana wa mm 12 hivi, unaoshuka wima kwenye ukurasa. Swali ni kama umezigusa cheki zote tatu za ukurasa mahali palepale. Kama ndivyo, chanzo ni kitu kilichokaa mahali pamoja huku karatasi ikipita: kioo cha leza chenye vumbi, au ubao unaosawazisha tona ndani ya kasha. Ingekuwa jeraha kwenye dramu, ule mche unaozunguka ukibeba taswira ya tona, lingejirudia kwa mzunguko wake. Dramu ya kipenyo cha mm 30 hurudia kila mm 94, ya mm 24 kila mm 75. Cheki zako ziko mm 99 kutoka moja hadi nyingine, kwa hivyo hata jeraha la mm 94 likigonga mstari wa cheki ya kwanza, kwa ya pili litapita mm 5 juu ya mstari na kuukosa.

Fanya hivi:

a) Chapa kwenye karatasi ya kawaida ukurasa wa rangi ya kijivu iliyojaa, 50%, sio nyeusi tii. Nyeusi huficha. Pima kwa rula kama kuna ukanda mpauko kati ya mm 30 na 42 kutoka kulia.

b) Ukiuona, chapa tena, na karatasi ikiwa nusu ndani zima umeme. Toa kasha, tazama taswira juu ya dramu pale ambapo haijagusa karatasi. Ikiwa kwenye dramu hakuna mpauko na kwenye karatasi upo, lawama ni ya rola inayohamisha tona. Ikiwa dramu yenyewe imepauka, endelea.

c) Weka kasha jingine. Mpauko ukiondoka, kasha ndilo lenye kosa. Ukibaki palepale, ni njia ya mwanga wa leza.

Dramu usiiache kwenye mwanga wa dirisha zaidi ya dakika chache. Ifunike kwa kitambaa cheusi.

---

Karani_Barani (Malindi)

Shukran sana. Majibu:

Kipima: nimefuta kichwa, karatasi ya kusawazishia imesoma 3% chini ya thamani yake, nimesawazisha. Cheki moja mara tano: tofauti 2%.

Ukurasa wa kijivu: ukanda mpauko upo, kutoka mm 29 hadi 43 kutoka kulia, urefu wote wa ukurasa. Cheki zote tatu zimeguswa.

Dramu: mpauko upo kabla ya karatasi.

Kasha jingine: mpauko umebaki palepale.

---

FundiTona_Maweni (Malindi)

Basi ni kioo cha sanduku la leza. Huku pwani vumbi likichanganyika na hewa ya chumvi hufanya utando mwembamba usiofutika kwa upepo wa kopo. Ofisi ikiwa na dirisha linalotazama bahari, wakati wa kusi utando huo hurudi mapema.

Zima printa, chomoa waya ukutani, ngoja nusu saa fyuza ipoe. Toa kasha. Kioo ni kipande kirefu chembamba juu ya mahali kasha linapokaa. Printa nyingi zina kifuniko kidogo kinachokilinda, kisukume taratibu. Futa kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, mwelekeo mmoja, kutoka mwisho hadi mwisho. Utando ukikataa, tone moja la isopropili kwenye kitambaa, kamwe usidondoshe kwenye kioo. Maji usitumie. Usiiwashe printa ukiwa umeilaghai swichi ya mlango ili uchungulie: mwanga wa leza hauonekani na huumiza jicho.

Ukanda ukibaki hata baada ya hapo, utando uko ndani kwenye vioo vya kuakisi. Hiyo ni kazi ya fundi aliyezoea, maana kioo kikisogea hata kidogo mstari wote huinama, ukavuka zile digrii 1.5.

---

BiShela (Lamu)

Nami niongeze kuhusu karatasi, kwani sisi wa kisiwani ndiyo shida yetu kubwa. Boksi huteremshwa Mokowe, upande wa bara, likavuka kwa boti, likafika chumbani na baridi au joto tofauti na la chumba. Mtu akilifungua papo hapo, kingo za karatasi hunywa unyevu kabla ya katikati, karatasi ikajikunja kama mawimbi. Inapofika kwenye rola ya kuhamisha tona haigusi dramu sawasawa, na pale isipogusa ndipo pengo hutokea. Karatasi yenye maji pia hupoteza chaji ya umeme inayovuta tona.

Acha rimu ndani ya kifungio chake kwenye chumba cha printa kwa saa 24 kabla ya kufungua. Ukisha fungua, toa kurasa za kazi ya siku hiyo tu, zilizobaki zirudi kwenye mfuko wa plastiki wenye kufunga, juu ya rafu, mbali na ukuta na sakafu. Unyevu wa hewa chumbani ukiwa kati ya 40% na 60% karatasi hutulia. Kipimo cha unyevu cha mezani si ghali na kwa kazi hii nakiona cha lazima. Usiache karatasi za cheki ndani ya trei usiku kucha wakati wa masika. Jambo hilo peke yake huleta mapengo mengi.

Uzito wa karatasi uwe karibu gramu 90 kwa mita mraba. Ikiwa ni nzito hivyo, iambie printa: chagua aina ya karatasi nzito kwenye menyu ili fyuza ipandishe joto. Kisha pima kama tona imeshika: bandika tepu angavu juu ya mstari, isugue kwa kidole, ivute taratibu ikijirudi nyuma. Tepu ikitoka na umbo la tarakimu, joto halitoshi. Kipimo cha pili ni kuipitisha cheki moja kwenye kipima mara 20 na kulinganisha ishara ya mara ya kwanza na ya mwisho. Ikiporomoka sana, usizipeleke.

Na kitu kimoja ambacho hakimo kwenye printa. Kwenye dirisha la kuchapa la kompyuta, hakikisha ukubwa ni 100%. Ile chaguo ya kulazimisha ukurasa utoshe karatasi huupunguza mpaka 97% au pungufu. Nafasi moja ya 0.125 ikawa 0.121, bado iko ndani ya ruhusa, kwa hivyo ukipima alama mbili jirani utaambiwa ni sawa. Lakini kwa alama 30 upungufu umefika karibu mm 3, na sehemu ya kushoto ya mstari imehama mahali pake. Pima kutoka alama ya kwanza hadi ya mwisho, sio jirani kwa jirani.

---

MezaYaMkomani (Lamu)

Bi Shela amesema kweli kuhusu 97%.

Karani, printa ikitengemaa, jiwekee utaratibu wa kudumu: cheki za ukurasa wa kwanza, kisha ukurasa mmoja kila kurasa 50, na ukurasa wa mwisho. Baada ya kubadilisha kasha, anza upya. Andika kwenye daftari tarehe, unyevu wa chumba, ishara ya chini kabisa na ya juu kabisa. Ishara ikishuka pole pole wiki hadi wiki, kasha linaisha. Ikishuka ghafla, tafuta kilichobadilika siku hiyo.

Waambie pia wanaotia saini. Mkia wa saini usishuke kwenye zile mm 16 za chini, wala muhuri, wala pini. Kalamu nyeusi nyingine zina chembe za chuma, na tangu benki za Kenya zianze kusafirisha picha ya cheki badala ya cheki yenyewe, 2011, wino wowote juu ya mstari huharibu picha hata kama hauna sumaku.

---

Karani_Barani (Malindi)

Nimefuta kioo mara mbili, ya pili kwa tone la isopropili. Kitambaa kimetoka na rangi ya kahawia. Ukanda haupo tena kwenye ukurasa wa kijivu. Cheki 30 mpya: alama ya nane hadi ya kumi na moja zasoma 97% hadi 111%. Mstari mzima uko kati ya 96% na 118%. Tepu imetoka safi.

Mapengo bado yapo kwa cheki mbili, zote za ukurasa mmoja uliokuwa juu kabisa kwenye trei. Kipimo cha unyevu nilichoazima chaonyesha 78%.

---

BiShela (Lamu)

Huo ukurasa wa juu ndio uliolala wazi usiku, au sivyo? Uutoe, na kurasa nne tano zilizo chini yake pia. Funga rimu jipya ndani ya mfuko, asubuhi toa kurasa humo uzichape moja kwa moja, kisha upime tano za kwanza. Kwa 78% feni haitasaidia, yazungusha unyevu uleule. Kabati dogo la chuma lenye balbu ya wati 15 chini yake, ikiwaka mchana na usiku, latosha kuhifadhi rimu tatu. Weka kipimo cha unyevu ndani yake, na kabla ya kuingiza karatasi hakikisha kimeshuka chini ya 60.